Jicho la Wakili: Walivyonunua Nyumba za Mawe Waliokuwa Ng'ambo

Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao ya enzi yake kutoka Maskat kuja Unguja, katika miaka ya 1830 na 1840, mji huo ulizidi kujaa watu ambao maisha yao yaligawika baina ya pwani mbili: upande wa Arabuni walikuwa na ndugu na mitende, na upande huu wa Afrika walikuwa na mikarafuu, biashara na watoto. Tajiri wa namna hiyo, akiwa Maskat au Shihiri, aliweza kupata habari kwa barua kwamba nyumba ya mawe inauzwa Unguja, Lamu au Mombasa, na fedha ya kuinunua akawa nayo. Lakini kati yake na kuta za nyumba hiyo palikuwa na bahari iliyovukwa kwa pepo za msimu, na aliyeikosa kaskazi ya mwaka huu hakuwa na budi kuingoja ya mwaka ujao. Jinsi nyumba zilivyoweza kununuliwa na watu wasioweza kuzitia machoni ni habari inayofaa kuelezwa, kwani taratibu yake ilikuwa na hekima ambayo sisi, pamoja na wepesi wote wa mawasiliano tulio nao, tumeiacha itupotee.

Taratibu hiyo ilikuwa na msingi katika sheria. Kitabu ambacho makadhi wa Kishafii wa pwani walikitegemea mno, na ambacho hata mahakama za Waingereza zilikirejea baadaye, ni Minhaj al-Talibin cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Na humo imewekwa kauli yenye nguvu kwamba mauzo ya kitu ambacho wafunga mkataba hawakukiona hayasihi, na kwamba kila kitu huonwa kwa namna inayokilaiki. Khatib al-Shirbini, mwanachuoni wa Misri wa karne ya 16, alipoifikia nyumba katika sharhi yake ya kitabu hicho, alitaja moja moja yapasayo kuonwa: vyumba, dari, sakafu za juu, kuta, mahali pa kuogea, na mfereji wa maji machafu. Ndiyo kusema kwamba mnunuzi aliyekaribishwa sebuleni akanywa kahawa, akausifu mlango wa nakshi na zidaka za ukutani, kisha akaondoka, alikuwa bado hajaiona nyumba.

Ama kwa aliye ng'ambo, kitabu kicho hicho kinamjibu katika mlango wa wakala: hukumu za mkataba humwandama wakili aliyeufunga, hata katika suala la kuona, kunakozingatiwa ni kuona kwake yeye wala si kwa aliyemtuma. Amana aliyobebeshwa wakili ilikuwa kubwa kwa sababu hiyo, maana fedha ya mwenziwe ilikuwa mkononi mwake na macho ya mwenziwe yalikuwa usoni mwake, na kama hakupanda darini wala hakuinama kwenye karo, basi hapakuwa na mtu yeyote aliyefanya hivyo. Na ikidhihiri baadaye ila ya siri iliyokuwamo tangu kabla ya mauzo, mnunuzi alikuwa na khiyari ya kuirudisha nyumba, kwa sharti la kufanya hima. Aliyeijua ila akanyamaza bila ya udhuru alihesabiwa kuwa ameridhika.

Nyumba zenyewe zilihitaji jicho la mjuzi. Kuta zake, zenye unene wa nusu mita na zaidi, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Juu yake zimelazwa boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliofanya vyumba vingi visizidi upana wa mita 3 hivi. Na juu ya boriti yamepangwa mawe, yakamwagiwa zege la chokaa na kupigwapigwa mpaka likakaza. Adui wa jengo la namna hii ni maji, na mwashi hodari huyafuata maji hayo tangu yanakoingia. Huanzia juu, akatazama kama milizamu inayatoa nje au inayarudisha ukutani. Hushuka, akagonga lipu kwa kifundo cha kidole apate kusikia palipoachana na mawe. Husimama pembeni mwa ukuta, akautazama kwa urefu wake aone kama umetoa tumbo. Mwisho huziendea ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, kwa kuwa unyevu hukaa humo na mti huoza mahali pasipoonekana, akachoma kwa kisu: boriti nzima hukikataa kisu, na iliyooza hukipokea mpaka mpini, ikamwaga vumbi la kahawia.

Tena palikuwa na jambo la majira. Majahazi yalifika kwa kaskazi, baina ya Disemba na Machi, wakati wa jua kali, na mengi yalianza safari ya kurudi kusi ilipoingia, mnamo Aprili, masika yakiwa ndiyo kwanza yanapamba moto. Mgeni aliyekuja mwenyewe kukagua aliiona nyumba wakati kuta zimekauka na madoa ya uvujaji yamefifia, na huenda mvua kubwa ikaijaribu sakafu ya juu akiwa amekwisha tweka. Wakili aliyekaa mjini mwaka mzima alikuwa na fursa ambayo mwenye mali hakuwa nayo, ya kuingia katika nyumba hiyo mvua ikinyesha.

Kisha ukaja utawala wa karatasi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, katika pwani ambayo leo ni ya Kenya, iliwataka watu walete madai yao ya ardhi yachunguzwe, na waliothibitika wakapewa hati. Hati iliondoa magomvi mengi, na hakuna mwenye insafu atakayeibeza. Lakini hati humtaja mwenye kiwanja na mipaka yake, wala haisemi neno juu ya boriti. Kidogo kidogo watu wakazoea kudhani kwamba aliyekagua karatasi amekagua nyumba.

Saruji nayo ikaongeza kificho. Lipu ya chokaa huuacha ukuta upumue. Ya saruji huufungia unyevu ndani, na chini ya uso mgumu uliopakwa rangi ukuta huendelea kulika. Kwa nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja, zilizochukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 na kukosa matengenezo miaka mingi, hatari hiyo ilikuwa imekwisha kuwa kubwa pale Mamlaka ya kuuhifadhi mji huo ilipoundwa mwaka 1985. Hata Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake mwezi wa Disemba 2020, wakati wa kutengenezwa, likaua watu.

Leo mtoto wa pwani aliyeko London, Toronto au Maskat hutumiwa picha kwa simu, na ndugu aliyeko nyumbani huombwa athibitishe hati na kupeleka fedha. Picha huonyesha kile ambacho mpigaji ametaka kukionyesha, na rangi mpya hupendeza sana ndani yake. Atakaye kunusurika na aifuate kanuni ya wazee: katika maandishi ya uwakala, pamoja na bei na mipaka, atie sharti kwamba mwashi anayejua mawe na chokaa, asiyelipwa na mwuzaji wala na dalali, apande darini, achome boriti, afunue karo, na aitazame nyumba masika, na fedha isitoke mpaka mtu huyo awe amesema kwa kinywa chake alichokiona. Gharama yake ni ujira wa siku chache wa fundi mmoja, na inayolindwa ni akiba ya umri mzima pamoja na roho za watakaolala chini ya dari hiyo.