Ngoma za Burundi katika Muziki wa Panki

Mtu akisimama juu ya vilima vya Bugufi, wilayani Ngara, akaelekeza uso wake magharibi, nchi aionayo ng'ambo ni Burundi, na lugha inayosemwa huko haiko mbali na Kihangaza kisemwacho huku. Wala si ajabu, kwani Bugufi yenyewe ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi hata baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walipogawana iliyokuwa milki ya Wadachi, ikatiwa katika Tanganyika, ilhali Mwami, yaani mfalme wake, amebaki upande wa pili wa mpaka. Naanza na nasaba hii kwa sababu habari ninayoileta ni ya muziki wa panki wa Uingereza, na bila ya nasaba hii msomaji wa Ngara au Biharamulo hataona ni kwa haki gani yeye, kabla ya wengi, aweza kutoa hukumu juu ya albamu zilizotoka huko.

Ngoma za Burundi zilikuwa ngoma za enzi. Huchongwa katika gogo la mti uitwao umuvugangoma, zikawambwa ngozi ya ng'ombe, na katika kupigwa kwake ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo itoayo amri. Amashakwe hushika mdundo usiokatika, na ibishikizo hufuata nyayo za inkiranya popote iendapo. Zilipigwa mbele ya Mwami, na hasa katika umuganuro, sherehe ya kupanda mtama, nazo zilikuwa na walinzi wake katika patakatifu kama Gishora, karibu na Gitega, waliorithishana kazi hiyo baba kwa mwana. Wala hazikuwa ngoma za vita, na jambo hili nitalirudia.

Mwaka 1967 Wafaransa wawili, Michel Vuylsteke na Charles Duvelle, walikwenda Burundi na vyombo vya kunasia sauti, na walichokinasa kikatolewa katika santuri ya Ocora, idara ya redio ya Ufaransa. Haukupita muda mrefu, mwanamuziki mmoja wa Ufaransa, Mike Steiphenson, akaichukua sauti ile ile ya ngoma, akatia gitaa na piano juu yake, akaiuza mwaka 1971 kwa jina la Burundi Black, na jina lililosomwa juu ya sahani likawa lake. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada naye akaziweka ngoma hizo chini ya wimbo wake The Jungle Line, na katika maandishi ya albamu yake zikaitwa ngoma za wapiganaji wa Burundi. Wimbo ni mzuri, kwa hakika ni wa kishujaa kwa zama zake. Lakini ngoma iliyokuwa ikimwadhimisha mfalme na kuibariki mbegu ilivikwa mavazi ya vita, na kosa hilo limedumu.

Ndipo panki ilipoingia. Malcolm McLaren, aliyekuwa msimamizi wa bendi ya panki ya Sex Pistols, alichukuliwa na kijana Adam Ant kuiongoza bendi yake, Adam and the Ants, naye akamsikilizisha Burundi Black. Mwanzoni mwa 1980 McLaren aliwachukua wanamuziki wa Adam, akaunda kwao bendi nyingine, Bow Wow Wow, na mdundo ule akaondoka nao. Adam, aliyeachwa peke yake, akajikusanya pamoja na mpiga gitaa Marco Pirroni, akaajiri wapiga ngoma wawili badala ya mmoja, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule akatoa Kings of the Wild Frontier, albamu iliyofika nambari ya kwanza Uingereza.

Hukumu yangu ni hii. Katika albamu zote za panki na zilizozaliwa nayo, hakuna niipendayo zaidi ya hiyo. Albamu ya Sex Pistols ya 1977 ina hasira ya haki, lakini miguu yake ni mizito: gitaa hufanya kazi yote, na ngoma huhesabu tu. Adam alifahamu kuwa ngoma yaweza kuongoza na gitaa likafuata, jambo ambalo mtoto wa Bugufi hulijua kabla hajajua kusoma. Bow Wow Wow wana wepesi na furaha, na mpiga ngoma wao Dave Barbarossa ni fundi wa kweli, ila nyimbo zao husahaulika upesi. Hata hivyo, insafu yataka isemwe kwamba utajiri wote huo ulijengwa juu ya mikono ya watu ambao msikilizaji wa London hakuwahi kusomewa majina yao.

Mwezi wa Julai 1982, katika tamasha la kwanza la muziki la WOMAD huko Shepton Mallet, Waingereza waliwaona wenyewe kwa macho: wapiga ngoma wa Burundi walipanda jukwaani pamoja na Echo and the Bunnymen, bendi ya Liverpool, wakapiga nao. Laiti kila deni lingetambuliwa hadharani namna hiyo! Mwaka 1992 wapiga ngoma hao wa Burundi wakatoa santuri yao wenyewe chini ya lebo ya Real World, na mwaka 2014 UNESCO ikaiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa wanadamu. Atakaye kuzisikia albamu hizi na aanze na hiyo ya 1992, kisha ndipo amwendee Adam.

Mkoa wetu wa Kagera uliwapokea wakimbizi wa Burundi kwa maelfu tangu mwishoni mwa 1993, na Ngara ina Radio Kwizera, inayotangaza tangu 1995. Wapigaji wazee wa Kihangaza na Kisubi wangali hai miongoni mwetu. Nawasihi watangazaji, maofisa utamaduni wa wilaya zetu mbili, Ngara na Biharamulo, na kila kijana mwenye simu inayonasa sauti: wanaseni wazee hao sasa, na katika kila kanda liandikwe jina la kila mpigaji, na la kijiji chake.