Barafu Yetu, Picha Zao

Wadau, leo tuiache siasa kidogo tupande mlima. Nataka tuzungumze juu ya picha za barafu ya Afrika Mashariki: nani alizipiga, alizipiga kwa nini, na leo zinatuambia nini. Shuleni historia hii wengi wetu hatukuipata. Tuliambiwa kuna barafu Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori, tukachora ramani, tukafaulu mtihani, basi.

Tuanzie Rwenzori, pale Uganda inapopakana na Kongo. Mwaka 1906 alifika huko mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo, aliyejulikana kama Duke wa Abruzzi. Alipanda vilele vikubwa na kuvipa majina. Kilele kirefu kuliko vyote, mita 5,109, akakiita Margherita, jina la malkia wa kwao. Cha jirani akakiita Alexandra, malkia wa Uingereza. Milima yenyewe ikaitwa Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi... mnauona mtindo? Wakati huo Bakonzo, wenyeji wa pale, walikuwa na jina lao la theluji ile, Nzururu, na kwa imani yao huko juu ndiko anakokaa Kitasamba, mungu wao wa mlimani.

Katika msafara ule alikuwamo Vittorio Sella, mpiga picha wa milima. Kabla ya kuja kwetu alikwishapiga picha Caucasus, Alaska na Himalaya. Msidhani kazi yake ilikuwa kama ya leo, unatoa simu mfukoni unabonyeza. Kamera ilikuwa nzito, picha zilipigwa kwenye vioo, na mzigo wote ulibebwa na wapagazi kupitia matope na mvua. Rwenzori ni mlima wa ukungu. Unaweza kukaa siku nyingi usione kilele. Sella alisubiri mawingu yafunguke, akapiga, kisha akaunganisha picha kadhaa kupata moja ndefu inayoonyesha safu nzima.

Matokeo yake ni kazi ya sanaa, hilo halina ubishi. Ansel Adams, gwiji wa picha za asili wa Marekani, alikuwa miongoni mwa waliomsifu Sella. Kwenye picha zile barafu imelala juu ya miamba kama shuka nene, imejaa kila bonde la juu. Lengo lilikuwa wazi: kuonyesha uzuri na sifa ya msafara wa Duke. Sella hakuwa anarekodi msiba. Ni muda ndio ulioligeuza jambo.

Wataalamu wanakadiria kwamba mwaka ule wa 1906 barafu ya Rwenzori ilifunika takriban kilomita za mraba 6.5. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita 1 ya mraba, na imeendelea kupungua. Sasa picha ya Sella ukiitazama leo, hutazami tena mandhari. Unatazama ushahidi. Mtu akisimama mahali pale pale aliposimama yeye, anaona mwamba mtupu.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, mpiga picha mwingine akafanya kwa makusudi kile ambacho Sella alikifanya bila kujua. Huyu ni Simon Norfolk, Mwingereza aliyezaliwa Lagos mwaka 1963. Mwaka 2014 alikwenda Mlima Kenya, kwenye barafu ya Lewis. (Na hilo nalo jina la mgeni! Halford Mackinder aliitoa kwa heshima ya mwanajiolojia wa Marekani, alipopanda mlima huo mwaka 1899.) Norfolk alichukua vipimo vya zamani vya ukingo wa barafu, akaacha kamera wazi gizani, kisha akatembea na moto wa petroli kuufuata ukingo ulivyokuwa miaka iliyopita. Kwenye picha unaona mstari wa moto ukipita juu ya mawe, na barafu halisi iko mbali kule, ndogo. Mstari mmoja ni wa mwaka 1934. Mwingine ni wa 1963, mwaka ambao Kenya ilipata uhuru. Fikiria hilo: kati ya 1934 na 2010 barafu ya Lewis ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake.

Haya, hapa ndipo ninapotaka tubishane kidogo. Picha hizi zinatuingiza kwenye mtego mmoja. Ukiona barafu inayeyuka, akili inakimbilia moja kwa moja kwenye maji ya kunywa: barafu ikiisha, mito itakauka. Huko Rwenzori wanasayansi walipopima, walikuta maji ya barafu yanachangia chini ya asilimia 2 ya maji ya mto Mubuku. Mengine yote ni mvua, inayonyesha kwenye msitu na kuhifadhiwa na ardhi yenye majimaji ya mlimani. Tangi letu la maji ni msitu, na msitu ukikatwa hapigi picha mtu.

Je, hiyo ina maana barafu ikiisha hatupotezi kitu? Hapana. Mkonzo anayeiangalia Nzururu ikitoweka hahesabu lita. Na barafu ni shahidi wa hali ya hewa inavyobadilika, shahidi asiyeweza kuhongwa. Lakini mtu wa bonde la Kasese aliifahamu habari ya maji kwa njia nyingine kabisa: Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulipofurika na kubomoa nyumba za watu.

Sella alikuja, akapiga, akaondoka. Hazina yake iko Biella, Italia. Norfolk naye hivyo hivyo. Siwalaumu, wametuachia kumbukumbu ambayo sisi hatukuiweka. Ila picha inayofuata, ile yenye barafu iliyobaki, msitu, mto na watu wa chini yake wakiwa ndani ya fremu moja, ataipiga nani? Wadau wenye kamera, swali hilo nawaachia ninyi. Muda wenyewe ndio huo unaoyeyuka.