Uthibitisho wa deni (Marekani)

Uthibitisho wa deni ni haki ya mlaji nchini Marekani kumtaka mkusanya madeni aonyeshe deni ni la nani na ni kiasi gani. Chimbuko lake ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1977 inayosimamia ukusanyaji wa madeni ya matumizi binafsi na ya nyumbani. Ndani ya siku 5 tangu alipowasiliana na mdaiwa mara ya kwanza, mkusanyaji sharti awe amempa taarifa ya kiasi kinachodaiwa na jina la mdai. Mdaiwa naye ana siku 30 za kupinga kwa maandishi, na akishapinga, kudai kunasimama mpaka uthibitisho utumwe. Kulalamika kwa simu tu hakumlazimishi mkusanyaji asimame.

Wako wanaoamini kwamba uthibitisho ukikosekana, deni limekufa. Sivyo. Sheria inamzuia mkusanyaji, haifuti deni. Anaweza kuacha kudai bila kosa lolote, na mdai wa awali, ambaye kwa kawaida haguswi na sheria hii, bado anaweza kwenda mahakamani. Tena kiwango cha uthibitisho chenyewe ni cha chini. Katika shauri la Chaudhry dhidi ya Gallerizzo, mwaka 1999, mahakama ya rufaa iliona inatosha mkusanyaji kuthibitisha kwa maandishi kwamba anachodai ndicho mdai anachodai. Aliyetarajia mkataba wenye sahihi yake huenda akaambulia karatasi moja.

Hata hivyo haki hii ina meno, kwa sababu ya jinsi madeni yanavyouzwa. Utafiti wa Tume ya Biashara ya Shirikisho wa mwaka 2013 ulikuta wanunuzi wakubwa wa madeni wakilipa wastani wa senti 4 kwa kila dola ya deni, na mara nyingi wakipata data bila nyaraka. Madeni yaliyopingwa, walithibitisha takriban nusu tu. Wakosoaji husema hiki ni kichaka cha wakwepaji. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba yaliyopingwa yalikuwa kama asilimia 3, na mdai mwenye kumbukumbu safi hapotezi chochote ila muda wa kuzitoa kabatini.

Mkusanyaji anayeendelea kudai bila kuthibitisha anaweza kushtakiwa ndani ya mwaka 1, alipe hasara iliyotokea, nyongeza isiyozidi dola 1,000, na gharama za wakili wa mdaiwa. Kikomo hicho hakijapandishwa tangu 1977. Kinachoziogofya kampuni ni hizo gharama za wakili, maana ndizo zinazomwezesha mdaiwa asiye na kitu kupata wa kumsimamia.