Mche wa Mukau katika Nchi Kavu ya Mbeere

Msafiri ateremkaye kutoka Embu ya juu, penye mashamba ya chai na kahawa, akaelekea Kiritiri katika nyanda za Mbeere zishukazo hadi mto Tana, huiona mvua ikipungua na miti ikibadilika, mpaka akaingia katika nchi ya migunga na mikau. Mukau, ambao wataalamu wa Ulaya waliuandika mwaka 1895 kwa jina la Melia volkensii, kwa heshima ya Mjerumani Georg Volkens, wenyeji walikuwa wakiujua tangu dahari kwa mbao zake zisizoliwa na mchwa, kwa mizinga ya nyuki ichongwayo katika gogo lake, na kwa majani yake yachipuayo ilhali kiangazi hakijaisha na mbuzi hawana lishe nyingine.

Zamani haikuwa ada kuupanda. Mbuzi alikula tunda, akaitema kokwa yake ngumu zizini, na mvua zikinyesha mche ukaota penye samadi, mwenye boma akauhifadhi. Lakini katika miaka ya 1970 ardhi ya Mbeere ilipoanza kupimwa na kugawanywa, na mti ukawa mali ya mwenye shamba, watu walihitaji miche mingi kuliko ile iliyoletwa na mbuzi. Na Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, iliyoasisiwa mwaka 1986, ikishirikiana na Wajapani huko Kitui, ikafundisha namna ya kuipasua kokwa kwa kisu, kuitoa mbegu bila kuijeruhi, kuikata ncha, kuiroweka, na kuiotesha katika mchanga.

Hata hivyo kuotesha si kukuza. Mche ukipatwa na ukame, mizizi ndiyo itanguliayo kupata habari, nayo hupeleka ishara juu hata majanini, na vile vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho hufungwa. Maji hayatoki tena, lakini na hewa ambayo mti huifanya chakula haiingii, basi mche hustahimili njaa ili usife kwa kiu. Shina husita kurefuka, majani mapya huwa madogo, ya zamani hupukutika, na akiba iliyosalia huelekezwa chini, mzizi ukaufuate unyevu ulikokimbilia. Nami nasadiki kwamba mche wa zizini, uliodhaniwa dhaifu kwa ufupi wake, ulikuwa umekwisha kuifanya kazi hii kabla hajaja mtu kuutazama.

Mche wa kitaluni, unyweshwao asubuhi na jioni, hurefuka na kupendeza, kumbe mizizi yake imejisokota ndani ya mfuko. Ukipandwa kwa mvua za Novemba, jua la Januari na Februari huukuta hauna pa kushika. Ndiyo maana watunza vitalu waliobobea huinua mifuko na kuikata mizizi iliyopenya chini, huondoa kivuli, na majuma machache kabla ya kupanda hupunguza maji kwa hadhari, hata majani yakalegea adhuhuri na kusimama tena jioni.