Nani Alimsemea Mwombaji: Historia ya Kuingia Chuo cha Uuguzi Tanzania

Historia ya uuguzi nchini Tanzania imezoeleka kuandikwa kwa kufuata majengo: hospitali gani ilifunguliwa lini, nani aliijenga, na baadaye ilibadilishwa jina kuwa nini. Ni machache yaliyoandikwa kuhusu udahili, yaani utaratibu wa kupokea maombi ya wanaotaka kusoma, kuyachuja na kuwapa nafasi wanaoonekana kufaa, ingawa ni katika utaratibu huo ndipo jamii hudhihirisha inamwamini nani kiasi cha kumkabidhi mgonjwa wake. Katika muda wa miaka mia moja na ushee mwombaji amesemewa na mmisionari, akasemewa na baba mzazi, akasemewa na serikali, na hatimaye akaachwa asemewe na karatasi ya matokeo ya mtihani. Na kila msemaji kati ya hao alikuwa na jambo aliloliona vizuri na jambo lililompita.

Wakati wa utawala wa Wajerumani hapakuwa na maombi ya kuandikwa. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu na wauguzi wake walikuwa Wazungu, ilhali Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Mafunzo ya kuuguza kwa wenyeji yalianzia zaidi kwenye vituo vya misheni, kama vile vya UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, huko Unguja, Magila na Masasi, na vya Wabenedikti huko Peramiho na Ndanda, na yalikuwa mafunzo ya kutazama na kuiga. Aliyeingia wodini alikuwa kijana ambaye tayari alilelewa kituoni, aliyejulikana na mmisionari tangu ubatizo wake, wala hapakuwa na haja ya kumwuliza anatoka wapi. Huko Mbweni, Unguja, ambako UMCA ilikuwa na shule ya wasichana waliokombolewa kutoka utumwani, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Caroline Thackeray, mwalimu huyohuyo ndiye aliyefundisha kusoma, aliyesimamia tabia na aliyeamua msichana gani apelekwe kwenye kazi gani. Mmisionari alimsemea kijana wake kama mshenga anavyomsemea mposaji, na neno lake lilitosha.

Utaratibu huo wa kutanguliza tabia haukubuniwa Afrika Mashariki. Shule ya Florence Nightingale, iliyoanzishwa mwaka 1860 katika Hospitali ya St Thomas mjini London, ilimtaka mwombaji awe na umri kati ya miaka 25 na 35, alete uthibitisho wa umri wake, hati ya daktari kuhusu afya yake, na barua ya mtu wa kuaminika inayoeleza mwenendo wake. Hata baada ya kupokelewa, mwanafunzi aliendelea kupimwa kwa karatasi ya kila mwezi, ambayo matroni, yaani msimamizi mkuu wa wauguzi wa hospitali, aliijaza katika sehemu mbili: upande mmoja mambo ya tabia, kama vile ukweli, uaminifu, kutochelewa, utulivu na unadhifu, na upande wa pili ujuzi wa kazi yenyewe, kama vile kufunga vidonda na kuwahudumia wagonjwa wasiojiweza. Akionekana hafai aliweza kuondolewa wakati wowote. Wauguzi wa Kiingereza waliokuja kufundisha katika hospitali za misheni na za serikali walilelewa katika desturi hiyo, na walipoanza kudai hati ya afya na barua ya padri au ya mwalimu mkuu kutoka kwa vijana wa Tanganyika, walikuwa wakidai yale waliyodaiwa wao wenyewe.

Hata hivyo, kwa muda mrefu waliofunzwa na serikali ya Waingereza walikuwa wanaume kwa wingi. Katika miaka ya 1920 serikali ya Tanganyika iliweka madresa, yaani wahudumu waliofundishwa kuosha na kufunga vidonda na kutoa dawa za kawaida, katika zahanati ndogo zilizogharimiwa na tawala za wenyeji. Sababu ya wasichana kutoonekana katika orodha hizo haikuwa moja. Ya kwanza ilikuwa shule: elimu ya wasichana ilianza kwa kuchelewa, shule zao zilikuwa chache, na wengi waliondolewa darasani mapema, hivyo kila sharti la elimu lilipopandishwa liliwaacha nje wasichana wengi kuliko wavulana, hata kama halikutaja jinsia.

Sababu ya pili ilikuwa nzito zaidi, nayo ndiyo iliyompa baba mzazi nafasi yake katika historia hii. Katika jamii nyingi kumwogesha mgonjwa, kumbadilisha nguo na kushika damu yake ilikuwa kazi ya ndugu, tena kwa mipaka iliyojulikana ya umri, jinsia na utani, na kazi ya kuzalisha ilikuwa mikononi mwa wakunga wa jadi, ambao kwa kawaida walikuwa wanawake watu wazima waliokwisha kuzaa. Kumtaka binti wa miaka 16 au 17, asiyeolewa, alale bwenini mbali na kwao na kumhudumia mwanamume asiye ndugu yake, ilikuwa kuomba jambo ambalo mzazi mwenye kujali heshima ya nyumba yake hakuwa na mfano wake. Ni makosa kuuita msimamo huo ujinga, kama ulivyoitwa mara nyingi, kwa sababu mzazi alikuwa akiuliza swali lilelile ambalo Nightingale alilijibu kwa mabweni na matroni: binti huyu atalindwa na nani? Ndiyo maana hospitali za misheni zilizofanikiwa kuwapata wasichana zilikuwa zile ambazo masista wake waliishi na wanafunzi, na ambazo mapadri na waalimu wake waliweza kwenda kijijini kuzungumza na wazazi. Ridhaa ya baba, hata pale isipoandikwa popote, ilikuwa sharti la kwanza la kujiunga, na posa au mimba kwa kawaida vilimaanisha mwisho wa masomo.

Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1950. Serikali ilitunga sheria ya usajili wa wauguzi na wakunga, ambayo maana yake ni kwamba jina la muuguzi liliingizwa katika daftari la taifa baada ya kufaulu mitihani inayotambuliwa, na neno la hospitali iliyomfunza halikutosha tena. Mwaka 1956 ilifunguliwa Dar es Salaam Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baadaye iliitwa Muhimbili, na mafunzo ya wauguzi yakapata makao makubwa mjini. Tangu hapo mwombaji alihitaji Kiingereza cha kutosha kufuata masomo na mitihani, na uuguzi ukagawanyika kwa ngazi za shule: waliomaliza elimu ya kati walielekezwa kwenye mafunzo ya chini, na wachache waliomaliza sekondari kwenye mafunzo ya juu, mgawanyo ambao wananchi waliuzoea baadaye kwa majina ya daraja B na daraja A. Lucy Lameck, mzaliwa wa Moshi ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika uongozi katika serikali ya Tanganyika huru, alisomea uuguzi kabla ya kuingia katika siasa, na njia yake inaonyesha jinsi taaluma hii ilivyokuwa mojawapo ya milango michache ambayo msichana aliyesoma aliweza kuipitia.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu, takwimu ambayo Mwalimu Nyerere aliirudia mara nyingi, na kwa hiyo haikushangaza kwamba serikali ilichukua jukumu la kuwagawa vijana wake wasomi kama mali adimu. Mwanafunzi wa kidato cha nne alijaza fomu ya uchaguzi, ambayo hadi leo wanafunzi huiita Selform, akaorodhesha masomo na vyuo alivyovipenda, kisha akasubiri majina yatoke. Neno lililotumika, na linalotumika bado, ni kuchaguliwa, na lilikuwa na uzito wake: aliyechaguliwa alisomeshwa kwa gharama za umma na alitarajiwa kupelekwa popote. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zahanati na vituo vya afya viliongezwa vijijini, na katika miaka ya 1970 wasichana waliomaliza darasa la saba walifunguliwa njia kupitia mafunzo ya mwaka mmoja na nusu ya wasaidizi wa afya ya mama na mtoto. Mpango huo unastahili sifa kubwa kuliko unayopewa, kwa kuwa uliwafikia mabinti ambao utaratibu wa mitihani ya sekondari usingewafikia kamwe, ingawa wengi wao walilazimika baadaye kurudi shuleni ili wapandishwe ngazi. Kwa upande mwingine shahada ya kwanza ya uuguzi ilianza kufundishwa Muhimbili mwaka 1988.

Miaka ya 1990 iliuvunja uhusiano kati ya kuchaguliwa na kuajiriwa, kwani serikali ilisitisha ajira mpya mwaka 1993. Nafasi za masomo zilipopanuliwa tena, hasa kupitia Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza mwaka 2007, vyuo vya binafsi vilikuwa vimeruhusiwa, na mwombaji hakuwa tena mtu wa kusubiri orodha tu, bali mtu wa kutafuta nafasi na ada.

Leo baraza linalosimamia elimu ya ufundi, NACTVET, ndilo linaloratibu udahili wa ngazi za cheti na stashahada. Sharti la msingi ni ufaulu wa angalau alama D katika masomo manne yasiyo ya dini kwenye mtihani wa kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mwombaji huingiza namba yake ya mtihani kwenye mfumo, matokeo yake yakajitokeza yenyewe, na hakuna anayemwona uso. Kwa mtoto wa mkulima asiye na mtu wa kumsemea hii ni haki ambayo vizazi vilivyotangulia havikuipata, na ndiyo iliyowarudisha wavulana kwa wingi katika kazi iliyokwisha kuitwa ya kike. Mabaki ya desturi ya zamani hukutwa katika maelekezo ya kujiunga, waraka ambao chuo humpa aliyekubaliwa: humo imo fomu ya uchunguzi wa afya inayojazwa na daktari, nafasi ya saini ya mzazi au mlezi, na orodha ya vitu ambamo ndoo na mashuka hufuatana na viatu vyeusi vya visigino vifupi na saa yenye mshale wa sekunde, ya kuhesabia mapigo ya moyo.

Lakini alama D ya Fizikia haisemi kama kijana ataweza kukaa na mgonjwa anayetapika usiku wa manane, na jambo hilo, ambalo masista wa misheni walilipima kwa miezi ya kumtazama mwanafunzi, sasa hugunduliwa baada ya ada kulipwa na sare kushonwa. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imelipa Baraza la Uuguzi na Ukunga mamlaka juu ya usajili na leseni, na mhitimu hufanya mtihani wa leseni kabla ya kuruhusiwa kuhudumu. Hivyo uamuzi wa nani anafaa kuwa muuguzi, ambao zamani ulifanywa na watu wachache kabla ya masomo kuanza, umesogezwa hadi mwisho wa masomo, na gharama ya kukataliwa imehamia kwa familia iliyolipa ada ya miaka yote hiyo.