Daktari anapojiandikia dawa ya usingizi

Wengi wetu tunaijua Valium. Jina lake la kitabibu ni diazepamu, na ilianza kuuzwa mwaka wa 1963. Dawa hiyo na ndugu zake, kama lorazepamu, hutuliza wasiwasi, huleta usingizi na huzuia degedege. Kwa siku chache ni msaada mkubwa. Zikimezwa kila siku kwa majuma mengi, mwili huzizoea, na mwenye kuziacha ghafula anaweza kutetemeka, kukesha, hata kuanguka kifafa.

Daktari anayajua haya kuliko sisi. Lakini uchunguzi mmoja wa Marekani, uliotolewa mwaka wa 1992 baada ya kuwauliza madaktari zaidi ya 5,000, ulionyesha kwamba walivuta sigara kidogo kuliko watu wengine, ila dawa za kutuliza walizitumia zaidi. Asilimia 11.4 walikuwa wamezitumia katika mwaka uliopita bila kusimamiwa na daktari mwingine, hasa kwa kujitibu.

Sisi tukikosa usingizi, lazima tumweleze mtu, naye atatuuliza: tangu lini? Kitu gani kinakulemea? Daktari ana kalamu yake, na kabati la dawa liko karibu. Anatoka zamu ya usiku, anameza kidonge kimoja, kesho tena, na swali lile halimfikii. Kwenda kwa mwenzake anaona haya. Anaogopa kusemwa, au kupoteza kazi. Baraza la Madaktari la Uingereza linawaagiza waepuke kujiandikia dawa, wao na jamaa zao.

Woga huo tunauelewa, lakini usimfunge mtu. Marekani kuna mipango ya kuwatibu madaktari na kuwapima mkojo kwa miaka. Mwaka wa 2008 yalitolewa matokeo ya madaktari 904 wa majimbo 16, wengi wao wakisumbuliwa na pombe au dawa kali za maumivu. Baada ya miaka 5, kati ya wale ambao habari zao zilijulikana, karibu wanne kwa kila watano walikuwa kazini na leseni zao.

Makanisa yetu hapa mashariki yana hospitali, na waganga wake hupokea majeruhi usiku na mchana. Ni vizuri kila mmoja awe na daktari wake, ikiwezekana wa hospitali nyingine. Na aliyekwisha kuzizoea asinyang'anywe vidonge kwa siku moja: kipimo hupunguzwa polepole, kwa majuma au miezi, chini ya macho ya mwenzake.