Siku Basi Lilipoondoka Galway Bila Mimi

Saa mbili asubuhi basi lilikuwa linanguruma nje ya hoteli yetu mjini Galway, na watu 22 walikuwa wameshakaa kwenye viti vyao, vilevile vya tangu Dublin. Kiti changu tu ndicho kilikuwa kitupu. Mimi nilikuwa kando ya barabara na begi langu, nawapungia mkono watu ambao siku nne zilizopita sikuwajua. Wao walikuwa wanaenda Derry, kisha Belfast. Mimi nilikuwa narudi Dublin na treni.

Sikuwa mgonjwa, na sikuwa nimekosana na mtu. Shida ilikuwa pasipoti.

Wacha nieleze. Dadangu ni muuguzi Dublin, huu ni mwaka wake wa sita. Nilipoenda kumtembelea alikuwa na shifti wiki nzima, akaona si vizuri nibaki kwa nyumba nikihesabu magari dirishani. Akanilipia ziara ya kikundi: siku sita, miji sita, kiamsha kinywa ndani ya bei. Ni jioni ya pili, nikimtumia picha, ndipo aliposhtuka. "Ngoja. Derry na Belfast ziko chini ya Uingereza. Wewe uko na viza ya Uingereza?"

Sikuwa nayo. Nilikuwa na ya Ireland pekee, na hiyo yenyewe niliipata kwa jasho.

Kisiwa ni kimoja, lakini tangu 1921 kimegawanywa. Kaunti 26 ni Jamhuri ya Ireland, sita za kaskazini zimebaki na Uingereza. Ukivuka huko kwa gari huoni kizuizi, huoni askari. Wanasema utajua tu kwa sababu mistari ya manjano kando ya barabara inageuka meupe, na vibao vinaanza kuhesabu maili badala ya kilomita. Mmarekani aliyekaa nyuma yangu hahitaji viza ya upande wowote. Mkenya anahitaji mbili, hata kama hakuna mtu barabarani wa kuziuliza. "Usithubutu," dadangu akaniambia. "Siku moja wakikupata, hata kunitembelea mimi hutakubaliwa tena."

Basi, nilikuwa na siku nne za kutazama Ireland nikijua wapi safari yangu itakatika. Nadhani ndiyo maana nilianza kuona kitu ambacho wenzangu hawakukitilia maanani. Kila mji tulioingia, hadithi ilikuwa ileile: mwili wa nani uko wapi, na nani aliuficha.

Tulianzia Posta Kuu ya Dublin, jengo la nguzo ndefu lililo kwenye barabara ya O'Connell. Hapo ndipo, Jumatatu ya Pasaka, Aprili 24, 1916, Patrick Pearse alisimama nje na kusoma tangazo la kuzaliwa kwa jamhuri. Watu wengi waliopita hawakumjali. Maasi yalidumu chini ya wiki moja, Waingereza wakaleta mizinga, katikati ya mji ikabomoka. Kwenye nguzo zile bado unaweza kuingiza kidole kwenye matundu ya risasi. Mzungu mmoja wa kikundi chetu aliingiza, mkewe akampiga picha.

Mimi nilikuwa nimekwama kwenye tarehe. Aprili 24. Kwetu nyumbani hiyo ni tarehe ya kunyamaza. Aprili 24, 1954, ndiyo siku jeshi la Waingereza lilipoizingira Nairobi katika msako walioupa jina la Operation Anvil. Maelfu ya wanaume, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walipakiwa kwenye malori na kupelekwa kambini kuchujwa. Guka yangu alikuwa ametoka Bahati kwenda kazini. Shosho alimwona asubuhi hiyo, na hakumwona tena. Hakuna barua, hakuna cheti, hakuna kaburi.

Mchana tulienda Kilmainham, gereza lililofunguliwa 1796 ambalo sasa ni makumbusho. Katika ua wake, kati ya Mei 3 na Mei 12, 1916, viongozi 14 wa maasi walipigwa risasi. James Connolly alikuwa amejeruhiwa vibaya, hangeweza kusimama, kwa hivyo walimfunga kwenye kiti wakampiga akiwa ameketi. Misalaba miwili midogo inaonyesha mahali penyewe. Halafu kiongozi wetu wa ziara, mzee mmoja mfupi wa kutoka Cork anayependa utani, aliacha utani. Akasema miili haikupewa familia. Ilipelekwa Arbour Hill, ng'ambo ya mto, ikazikwa kwenye shimo moja na kumwagiwa chokaa kali. Jenerali Maxwell, mkuu wa jeshi, hakutaka makaburi ambayo watu wangeyageuza mahali pa kuhiji.

Ilifanya kazi? Watu wa Dublin waliokuwa wamewazomea waasi wakikamatwa walibadilika ndani ya wiki chache. Miaka mitano baadaye Uingereza ilikuwa mezani ikijadiliana. Leo Arbour Hill ni bustani ya kumbukumbu ya taifa.

Jioni tulitembea kando ya mto Liffey hadi kwenye sanamu za baa la njaa: watu wa shaba, wamekonda, wanaelekea melini. Kati ya 1845 na 1852 ugonjwa uliozesha viazi shambani, na maskini wengi hawakuwa na chakula kingine. Takribani watu milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakahama. Wakati huohuo nafaka na mifugo iliendelea kupakiwa melini kuuzwa Uingereza. Mwaka wa 1841 kisiwa kizima kilikuwa na zaidi ya watu milioni nane. Hata leo hakijafika tena idadi hiyo. Mama mmoja wa Boston, ambaye babu za babu zake waliondoka wakati huo, aliniambia kwa sauti ya chini, "Waliofika Amerika nimewapata wote. Waliobaki hapa, sijui hata shimo lao." Sikujua la kumjibu, nikamwambia tu pole. Halafu nikamwambia kuhusu Guka. Tangu hapo tulikaa pamoja kwenye basi.

Cork, siku ya pili, ndipo mzee wetu alipokuwa nyumbani. Alituonyesha barabara ya St Patrick, ambayo askari wa Uingereza waliichoma usiku wa kuamkia Desemba 12, 1920, wakateketeza pia jumba la manispaa na maktaba. Alitueleza kuhusu mameya wawili wa mwaka huo mmoja: Tomás Mac Curtain, aliyepigwa risasi nyumbani kwake mwezi wa Machi, na Terence MacSwiney aliyemrithi, akafa gerezani London mwezi wa Oktoba baada ya kususia chakula siku 74.

Kisha akatueleza kuhusu Thomas Kent. Huyu alinyongwa? Hapana, alipigwa risasi, Mei 9, 1916, hapa Cork, akazikwa ndani ya ua wa gereza. Miaka 99 alilala huko. Mwaka wa 2015 walichimba, wakapima DNA, wakathibitisha ni yeye, na mnamo Septemba akazikwa kwao Castlelyons kwa mazishi ya kitaifa. Miaka 99! Nilipiga hesabu kwa vidole kama mtoto. Guka atatimiza miaka hiyo 2053.

Wakati wa chai mzee aliniuliza natoka wapi. Nikasema Nairobi. "Ah," akasema, "kwa Edel Quinn." Nilibaki nimeduwaa. Akanieleza: msichana wa hapahapa kaunti ya Cork, mwenye kifua kikuu, aliyetumwa Afrika Mashariki mwaka wa 1936 na shirika la Legio ya Maria, akafariki Nairobi Mei 12, 1944. Picha yake ilikuwa jikoni kwa mama yake mzee. "Amezikwa Msongari," akasema, "pale kwenye makaburi ya wamisionari." Mimi nimepita Msongari na matatu mara ngapi, sijui. Mzee wa Cork ambaye hajawahi kukanyaga Kenya anajua kaburi lililo mtaani kwetu. Mimi la babu yangu silijui.

Limerick tulipita haraka. Kuna jiwe kubwa kando ya mto Shannon, limewekwa juu ya kitako cha mawe likitazamana na ngome ya King John. Inasemekana juu yake ndipo mkataba wa 1691 ulitiwa saini, mkataba uliowaahidi Wakatoliki haki zao baada ya kushindwa vita. Wino haujakauka vizuri, bunge likaanza kupitisha sheria za kuwanyang'anya ardhi, elimu na siasa. Wenyeji wakaiita Limerick mji wa mkataba uliovunjwa, na jiwe wakalitunza. Nililipenda jiwe hilo. Kuna watu hutunza ushindi, hawa wametunza ahadi waliyovunjiwa.

Galway nayo ni mji wa muziki na upepo. Karibu na hapo bado kuna vijiji ambako Kiayalandi ndiyo lugha ya nyumbani. Mzee alituambia kwamba karne ya 19, shuleni, mtoto alivishwa kijiti shingoni. Akizungumza Kiayalandi, kijiti kinakatwa alama, na jioni anachapwa kulingana na alama. Wenzangu kwenye basi waliguna kwa mshangao. Mimi nilicheka, na ilibidi nieleze kwa nini. Kile kibao cha kuvishwa shingoni kwa kuongea Kikuyu nimekivaa mwenyewe, si karne ya 19, na aliyenivisha hakuwa Mwingereza.

Asubuhi iliyofuata ndiyo hiyo basi likaondoka.

Kwenye treni niliamua nisiende moja kwa moja kwa dadangu. Nilikuwa na anwani moja niliyoandikiwa na mzee kwenye karatasi ya leso: Glasnevin, makaburi ya kaskazini mwa Dublin, na jina, Roger Casement.

Casement alizaliwa Dublin 1864 na kulelewa Antrim, kaskazini. Alikuwa mwanadiplomasia wa Uingereza. Mwaka wa 1903 alipanda mto Kongo akisikiliza watu mmoja mmoja, na ripoti yake ya 1904 ikauanika utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji: vijiji vilivyolazimishwa kuvuna mpira, mateka, mikono iliyokatwa. Uingereza ilimpa heshima ya "Sir" mwaka wa 1911. Lakini yale aliyoyaona Kongo yalimfanya aitazame Ireland upya. Aprili 1916 nyambizi ya Wajerumani ilimshusha ufukweni Kerry, akakamatwa, akanyongwa kwa uhaini katika gereza la Pentonville, London, Agosti 3. Akazikwa ndani ya ua wa gereza.

Ireland iliomba mwili wake. Ikakataliwa. Ikaomba tena, serikali moja hadi nyingine, kwa miongo. Februari 1965 Uingereza hatimaye ikakubali, na mazishi yakafanyika hapa Glasnevin Machi 1. Rais Éamon de Valera, mwenye miaka 82 na mgonjwa, alitoka kitandani akaja kusimama kwenye baridi.

Kulikuwa na sharti moja. Kabla ya kufa, Casement alikuwa ameomba azikwe Murlough, ghuba moja huko Antrim alikokulia. Uingereza ilisema: mchukueni, lakini asipelekwe Ireland ya Kaskazini. Mpaka sasa hajafika.

Nilisimama mbele ya bamba lile la jiwe, na begi langu miguuni. Simu ikalia. Mama wa Boston alikuwa ametuma picha akiwa juu ya kuta za Derry, zilizojengwa karne ya 17. Chini yake kulionekana Bogside, mtaa ambako Januari 30, 1972, askari wa Uingereza waliwapiga risasi waandamanaji na kuua 13, na wa 14 akafa baadaye. Mwaka wa 2010 waziri mkuu David Cameron aliomba radhi bungeni. Kwetu, mwaka wa 2013, serikali hiyohiyo ilitangaza kwamba inasikitika, ikawalipa wazee 5,228. Shosho hakuwa kwenye orodha. Yeye hakuwa na makovu ya kuonyesha, alikuwa tu na koti la mume wake ndani ya sanduku.

Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Ana sanamu mjini, kwenye barabara yenye jina lake, lakini kaburi hana. Mkewe Mukami aliomba mabaki yake mwaka baada ya mwaka, hadi alipofariki Mei 2023. Na yeye hakuwa anawaomba Waingereza peke yao. Kamiti ni yetu tangu 1963. Hilo ndilo lililoniuma pale Glasnevin. Casement alirudi kwa sababu kwao kulikuwa na serikali iliyorudia swali lilelile miaka mingi, hata ilipoonekana kama inasumbua watu. Sisi tunasubiri nani aulize?

Guka hakuwa Kimathi. Hakuna atakayemwekea sanamu. Lakini mwaka wa 2011, wakati wa kesi ya Mau Mau, Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya faili za makoloni yake. Sasa ziko kwenye hifadhi ya taifa yao, Kew, London. Mtu yeyote anaweza kwenda kuzisoma, mradi awe na viza.

Nimejaza fomu. Kwenye sababu ya safari niliandika "utalii", nikafuta, nikaandika "familia". Tulipomzika Shosho, wajomba waliacha nafasi upande wake wa kulia, na kila tukienda shambani mtu huing'olea magugu.